Siku Nilipoziba Milango Yote ya Kichuguu

Enzi zetu, sisi tuliokulia Marambo, ukimkuta mtoto kainama njiani, makalio juu na pua karibu na vumbi, humuulizi kapoteza nini. Unajua anasoma shimo. Vitabu vilikuwa vichache, kimoja watoto watano, lakini mashimo yalikuwa mengi kuliko watoto wa Nachingwea nzima. Kila shimo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameacha habari zake mlangoni kwa yeyote anayejua kusoma. Mimi nilijua. Nasema bila aibu, maana ndilo jambo pekee la utotoni nililowashinda wavulana wengi, ukiacha kula embe bichi kwa chumvi.

Wa rika langu mtanielewa, ninyi mliokwenda shule peku na jembe begani, mkarudi magoti meupe kwa vumbi na mifuko imejaa mabibo. Vijana wa siku hizi wakae pembeni kwanza wachaji simu zao, nitawafikia.

Tulianza na kitukutuku, yule mdudu anayechimba kishimo cha mviringo kwenye vumbi chini ya upenu wa nyumba. Unachukua unyasi, unakoroga taratibu ukingoni, unamwimbia atoke. Akitoka, anatembea kinyumenyume kama mtu anayemwogopa mkwewe. Mtoto asiyemjua kitukutuku hakuwa tayari kupelekwa shamba. Akishamjua, anapandishwa darasa, anaonyeshwa fuko.

Fuko hana mlango, na hapo ndipo wageni hukosea. Utaona marundo madogo ya udongo mbichi yamefuatana katikati ya mihogo, utazunguka kutafuta shimo mpaka jua lizame. Shimo lipo chini, mwenyewe kalifunika. Kumkamata ni kumvizia kwa tabia yake: fuko hapendi upepo nyumbani kwake. Unatoboa njia yake, unakaa kimya na jembe juu, hupumui, hukohoi, na baada ya muda unaona udongo unacheza. Anakuja kuziba. Sijui kama kuna mchezo wa kompyuta unaoweza kumfanya mtoto asahau njaa namna ile.

Panya wa shamba yeye ni mtu wa milango. Shimo lake linaingiza dole gumba, na mbele yake kuna kinjia chembamba kwenye nyasi, kimesafishwa, majani ya pembeni yamekatwa kwa meno. Huo ndio mlango wa mbele. Mlango wa uani hauonekani. Panya huchimba kutoka chini mpaka karibu kabisa na juu, anaacha ukoko mwembamba wa udongo kama ule wa ugali chini ya sufuria, na siku ya hatari anaupiga kichwa anatoka. Ukikimbilia kuchimba mbele bila kuutafuta ule wa uani, utarudi nyumbani na jasho lako.

Panya buku tulimheshimu zaidi. Ni mkubwa, anakaribia paka, ana mashavu ya kubebea mizigo, na hupenda kukaa pembeni ya kichuguu au kwenye mizizi ya mkorosho. Mlangoni kwake utakuta maganda ya karanga na mbegu za maboga. Ukilifikia ghala lake unakuta maajabu. Sisi tulishakuta kitana cha mama, kifungo cha shati la sare na kizibo cha chupa, vyote vimepangwa vizuri kuliko kabati letu.

Halafu wapo wakubwa. Nungunungu huacha miiba mlangoni, na mifupa mikavu aliyoiguguna. Muhanga ndiye fundi mkuu. Kwa usiku mmoja huchimba shimo ambalo vijana wawili wenye majembe wangelihangaikia siku mbili. Kingo zina mikwaruzo mirefu ya kucha, na udongo umerundikwa nje kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Akiwa ndani hujifungia kwa udongo, na vijinzi vidogo huelea pale mlangoni. Vijinzi vipo, mwenyewe yupo. Ukiona utando wa buibui, hakuna mtu. Na muhanga akihama, anahamia ngiri, ambaye huingia kinyumenyume ili siku ya kutoka atangulize meno. Baba alikuwa akituambia, shimo kubwa halipigiwi hodi kwa mbele. Unasimama juu yake, nyuma ya mdomo, ndipo unaanza maneno yako.

Wa mwisho ni nyoka. Nyoka hachimbi, yeye ni mpangaji. Shimo lenye kingo laini, halina udongo mpya nje, halina kinjia wala maganda, hilo uliache na heshima zake. Mama kila tulipotoka na vikapu alisimama mlangoni na kutukumbusha kwa Kiswahili chake cha Kimwera, "Nkono hauna macho." Basi fimbo ndiyo iliyotangulia kuingia, siku zote.

Sasa mseme nyie, kwa elimu yote hiyo, tulipofika darasa la nne mwalimu wa sayansi anauliza mnyama gani anaishi kwenye shimo, na jibu la kitabu ni sungura. Rafiki yangu Somoe akanyoosha kidole akasema sungura wa huku hana shimo, analala kwenye nyasi, yeye mwenyewe amekanyaga malazi yake mara nyingi. Alichapwa viboko viwili kwa ubishi. Tukaandika sungura, tukapata vema, tukatoka nje tukicheka mpaka mbavu zikauma.

Huyo Somoe nimfikishe kwenu vizuri. Kwao na kwetu tulipakana kwa ua wa mihogo. Wao Wayao, Waislamu. Sisi Wamwera, wa kanisani. Kwa hiyo tulikuwa watani, na utani mkubwa ulikuwa panya. Bibi yake alituita wala panya kila asubuhi badala ya kutuamkia, nasi tulimjibu kwamba tunajua anatamani harufu. Kwao panya haliwi kabisa. Lakini Mungu alivyo na mambo yake, kipaji cha kusoma mashimo alikipeleka nyumba ile. Somoe alilitazama shimo mara moja, akaokota udongo kidogo akausugua vidoleni, akasema nani yumo, wangapi, na ana milango mingapi. Ujira wake ulikuwa viazi vya kuchoma. Nyama hakuigusa, ila alikaa upande upepo unakovumia, na sisi hatukusema kitu.

Kaka yangu Bosko, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa mchimbaji. Mimi nilikuwa mzibaji. Kuwinda panya, kama mnavyokumbuka, ni kazi ya kuziba kabla ya kuchimba. Ukilikuta shimo unachomeka kijiti chenye majani mbele yake, na mpaka majani yanyauke shimo ni lako, hakuna mtoto wa kukunyang'anya. Lakini milango ya nyuma haiwekwi alama. Inazibwa na kufichwa, la sivyo watoto wa ng'ambo ya kijito watakuja kuizibua kwa wivu. Na mimi nilikuwa na mkono wa kuficha. Bonge la udongo wa kichuguu lililoloweshwa, nyasi zilizosokotwa, udongo tena, kisigino mara kumi, halafu majani makavu juu, yametawanywa kizembezembe kama upepo ndio ulioyaleta. Bosko alisema panya mwenyewe angeweza kupita pale juu asijue kwamba ni kwake. Nilivimba kichwa.

Na utamu wake! Tuliwababua manyoya kwa moto wa nyasi, tukawapasua, tukawabana kwenye kijiti kilichochanwa katikati, wakakauka taratibu juu ya moshi mpaka mafuta yakaanza kudondoka. Ugali wa muhogo, panya wawili kwa kila mtu, na kachumbari ya pilipili. Wanaokunja pua wakunje, wao wanakula soseji wasiyojua imetoka kwa nani.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, mwaka huohuo wa viboko vya sungura. Mjomba Anzelmo, kaka wa mama, alikuwa na shamba lililopakana na mapori yale tuliyoyaita ya Wazungu wa karanga, waliokuja enzi za ukoloni kulima karanga, wakashindwa, wakaondoka. Kwetu neno la mjomba ni zito kuliko la baba, hilo halina mjadala. Mtama wake ulikuwa umeiva, bado haujavunwa, na nyani walikuwa wamekaa kwenye miti ya mpakani wakiutazama kama watu wanaosubiri kukaribishwa mezani. Kilichowazuia ni mbwa mmoja jike, mwekundu, mkondefu, sikio moja nusu, jina lake Semeni. Mjomba alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani waliokuwa wakimsema kwa kuishi bila mke. Semeni alilala shambani, akala anachokula Mjomba, na Mjomba alituambia waziwazi kwamba mbwa huyo haendi kuwinda na watoto. Panya mnaweza kuwakosa, alisema, mtama siwezi kuukosa.

Siku hiyo Mjomba akapanda baiskeli kwenda mjini Nachingwea. Mnajua kilichofuata.

Tulimfunga Semeni kamba ya mkonge, tukaenda naye mpaka kichuguu kikubwa mwisho wa shamba. Pale palikuwa na shimo la muhanga la siku nyingi, mdomo mpana. Somoe akalizunguka. Muhanga kahama, alisema, kucha hizi ni za zamani, mvua imeshazilainisha. Ngiri hajaingia, hakuna kwato. Lakini tazameni hapa: maganda mapya ya karanga. Panya buku alikuwa amejipangisha vyumba ndani ya jumba la muhanga, na kwa hesabu ya Somoe alikuwa na milango mitano ya nyuma, imetawanyika kwenye majani mpaka karibu na mtama.

Nikaingia kazini. Niliziba mmoja baada ya mwingine, na sijawahi kuziba vizuri kama siku ile. Jua linawaka, jasho linaingia machoni, mimi naimba. Nilipomaliza mlango wa tano nilirudi nyuma hatua kumi, nikageuka kutazama, nikaona majani matupu. Nilijipongeza kwa sauti.

Bosko akaanza kuchonga mdomo wa shimo kwa jembe, upande wa juu, ili apate nafasi ya kuwekea nyasi za moshi. Kisha, kama tulivyofundishwa, akapanda kusimama juu yake. Semeni alikuwa analia kwa hamu, mwili mzima unatetemeka, na kamba ya mkonge ilikuwa kuukuu. Ikakatika. Tulichokiona ni mkia, halafu mkia nao haupo. Tukashangilia! Tukasikia anabweka huko ndani, panya buku anakurupuka, Bosko anarukaruka juu kwa furaha akimwita kwa jina. Na kwa kurukaruka kwake, dari la shimo, lile alilolichonga mwenyewe, likashuka lote.

Vumbi lilipotulia hapakuwa na mdomo wa shimo. Palikuwa na bonde dogo la udongo, Bosko kazama mpaka magotini, na Semeni anabweka chini ya miguu yetu.

Sijui kama kuna mtu kati yenu aliyewahi kumsikia mbwa akibweka ardhini. Sauti haina upande. Unadhani ipo kulia, ukienda kulia inakuwa nyuma yako. Bosko alichimba kama kichaa, na kila jembe alilotoa, udongo wa majembe mawili ulimwagika mahali pake. Ndipo alipokumbuka milango ya nyuma. Aliniuliza iko wapi. Nikageuka kutazama majani, na majani yalikuwa majani. Nilikimbia huku na huku, nikapekua, nikalia. Ule ufundi wangu wote ulikuwa umekaa pale unanitazama, na mimi sikuweza kuuona. Kila mlango ambao mnyama yule angeweza kutokea, au angalau kupata hewa, nilikuwa nimeukanyaga kwa kisigino mara kumi. Niliwaza mtama. Niliwaza Mjomba akirudi na baiskeli yake akipiga mluzi kumwita. Zaidi ya hayo niliwaza pua ya Semeni gizani, na nilijichukia.

Sauti ikaanza kufifia, ikawa mlio tu, kisha ikakatika.

Somoe ndiye aliyepata akili. Alimwambia Bosko aache kuchimba na mimi niache kulia, na aliyasema kwa sauti ya bibi yake, kwa hiyo tulitii wote wawili. Akalala chini kifudifudi, sikio kwenye udongo. Akasogea kidogo, akasikiliza, akasogea tena. Mende wa porini anatembea juu ya mkono wake hakumfukuza. Tulikaa kimya, mimi nimejiziba mdomo kwa viganja, na nyani kule mitini nao walikuwa kimya kama wanaofuatilia. Somoe alitambaa mpaka karibu na mtama, akasimama, akaweka kiganja chini.

"Kuna kucha hapa," alisema. "Panya hakwaruzi polepole hivi. Vero, hapa uliziba."

Nikachimbua kwa vidole. Majani makavu, udongo, na kisha nyasi zilizosokotwa. Za kwangu! Bosko akaja na jembe, akapiga mara tatu kabla bonge halijapasuka, jinsi lilivyokuwa gumu. Tundu likafunguka, jembe likalipanua mpaka likafika kwenye njia pana ya muhanga, na ndani yake ikatokea pua, nyeusi, imejaa udongo, inahema. Somoe, ambaye kwao hata kivuli cha mbwa kilikwepwa mtu akishatawadha, alitumbukiza mikono miwili mpaka mabegani, akamshika Semeni miguu ya mbele, akamvuta na kumkumbatia, mate ya mbwa shingoni, mate ya mbwa usoni. Tulianguka wote chali. Na katika vurugu hiyo panya buku naye akatoka mlango uleule, mkubwa, mnene, mashavu yamejaa mizigo, akapita katikati yetu bila haraka akaingia kwenye mtama. Hakuna aliyeinua hata fimbo.

Jioni bibi yake Somoe alimwogesha mara saba kuondoa najisi ya mbwa, na mara moja kati ya hizo ni lazima iwe kwa udongo. Udongo haukuwa wa kutafuta, alikuwa nao masikioni wa kutosha familia nzima.

Mjomba alirudi jua likiwa limepungua makali. Hakuhitaji kuambiwa. Alimshika Semeni kichwa, akamfuta macho kwa ncha ya shati, akatoa vipande vya udongo puani mwake kwa kidole kidogo. Kisha akaenda mpaka kichuguu, akatazama lile bonde, akatazama bonge langu lililopasuliwa, akaliokota na kuligeuza mkononi. Sisi tulikuwa tumesimama nyuma yake kwa mstari, kama siku ya kukaguliwa kucha shuleni.

"Nani kaziba nlango huu?"

Bosko alivuta pumzi, najua alitaka kunisaidia. Nikamtangulia.

"Mimi, Mjomba."

"Na mingine?"

"Yote mimi."

Alilibonyeza lile bonge kwa dole gumba. Nilitaka anichape. Kuchapwa kuna mwisho wake, mtu unalia yanaisha.

"Kuziba unajua, nwanangu," alisema hatimaye. "Sijaona wa kukushinda. Sasa nenda kazibue. Yote uliyoziba nsimu huu."

Na hivyo ndivyo nilivyoimaliza likizo ile. Siku tatu, kuanzia umande mpaka jua la utosini, nilizunguka mashamba ya watu kutafuta kazi ya mikono yangu mwenyewe. Somoe alikuja nami, hakuitwa, hakuombwa viazi wala hakuviomba. Mwanzoni nilikuwa na aibu. Siku ya pili aibu ikaanza kuisha, furaha ikaingia, kwa sababu hebu fikirieni: kila mlango tuliofungua ulikuwa na habari mpya. Kwenye mmoja tulikuta nguchiro wamehamia, kinyesi chao kinang'aa kwa maganda ya wadudu. Kwenye mwingine panya walikuwa wameshachimba mpya kando ya bonge langu, wananidharau. Tulifungua mmoja tukakaa mbali kidogo, tumelala kwa tumbo, tukamwona panya buku anatoa pua, anaonja upepo, anarudi, anatoa pua tena. Nilikuwa nimewala wengi, lakini sikuwahi kumtazama mmoja akitoka nyumbani kwake bila mimi kumngoja na fimbo. Kila mlango uliofunguka, Somoe alipiga makofi.

Mjomba hakulizungumza tena jambo lile. Mtama ulivunwa wote. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alituruhusu kwenda na Semeni, na hapo ndipo nilipojua kwamba yupo ambaye hakusahau. Semeni alimsamehe Bosko, alimpenda Somoe kwa mapenzi ya kumuaibisha mbele ya bibi yake, lakini mimi alinifuata. Kila nilipoinama na bonge la udongo kuziba mlango wa nyuma, alikuja akanipita, akakaa juu ya mlango. Hakubweka, hakung'ata. Alikaa tu, sikio nusu limesimama, anatazama upande mwingine kama mtu aliyekaa kupumzika. Ilibidi nimwachie huo nikazibe mingine. Nimefokewa na wengi maishani, walimu, wakubwa wa kazi, marehemu mume wangu, lakini hakuna aliyenirudi nikarudika kama mbwa yule. Alipokufa kwa uzee nilikuwa darasa la saba, na nililia kuliko nilivyolia matokeo.

Siku hizi naishi Ruangwa mjini. Wanangu wamekulia kwenye sakafu ya saruji, na shimo wanalolijua ni la choo. Mwaka huu mwezi wa sita nilimchukua binti yangu wa mwisho, Gloria, nikamwambia twende Marambo nikuonyeshe kitu. Alivaa raba nyeupe. Njia nzima kwenye bodaboda alikuwa anatafuta mtandao, ameinua simu juu kama anayeomba mvua. Nilimweleza habari za fuko, akaniuliza kama yupo kwenye video. Nikamwambia yupo kwenye mihogo.

Shamba la Mjomba analilima Bosko sasa, na mapori ya mpakani yamekuwa malisho. Wafugaji waliotoka kanda ya ziwa wamejenga ng'ambo, na watoto wao ndio pekee niliowaona wakitembea macho chini. Wanachomeka matawi ya mti kwenye kila shimo ili ng'ombe wasivunjike miguu. Niliyatazama matawi yale moyo ukanipasuka kwa furaha kidogo. Basi hata sasa kuna mtoto anayesoma.

Nyuma ya kichuguu nikakuta shimo jipya. Jipya, wenzangu! Udongo bado una unyevu. Nikapiga magoti, nikaanza kulisoma kwa kujigamba ili Gloria asikie, na katikati ya kujigamba nikakwama. Mdomo mpana lakini umezibwa kwa ndani. Mikwaruzo, ndiyo, lakini ya nani? Miaka arobaini ya saruji imenifuta. Nilitazama kushoto na kulia nisionekane, nikafanya kile ninachowakataza watoto kila siku mezani. Nikatoa simu.

Somoe ameolewa Naipingo, analima ufuta, ana wajukuu sita. Hakunisalimia sana. Nilipomwambia nipo mbele ya shimo, alianza kuniuliza kama daktari. Udongo mbichi? Mbichi. Umerundikwa au umetawanyika? Umerundikwa. Kucha? Ndefu, nne nne. Akaniambia nitazame juu ya ile sehemu iliyozibwa, nimwambie kama kuna kitu kinaruka. Nikatazama. Vijinzi vidogo, vinaelea. Muhanga, na mwenyewe yumo.

Nikamsikia anawanyamazisha wajukuu.

"Vero," alisema, "weka simu mlangoni. Na mimi nisikie."

Niliilaza juu ya udongo ule wa baridi, nikajilaza na mimi pembeni yake, shavu chini. Gloria alikuja kunisimamia, raba zake zimeshakuwa nyekundu, akaniuliza kwa sauti ya kuogopa nampigia nani humo ndani. Nikamwonyesha kwa kidole anyamaze. Zamani tulikuwa vichwa vitatu juu ya shimo moja, na mbwa. Juzi nilikuwa na simu na goti linalouma, na moyo wangu ulikuwa unadunda vilevile.